Redio Inasikia, Wewe Husikiki: Kutafuta Hitilafu za Redio na Betri Chomboni

Swali ni lile lile, liulizwe gatini Shimoni, Mkwiro, Gazi au Vanga. "Wenzangu nawasikia vizuri kabisa, lakini nikiwaita hakuna anayejibu. Hii redio imekufa? Ninunue nyingine?" Usinunue, angalau si leo. Redio nyingi za VHF zinazoishia uvunguni, au kupelekwa Mombasa kwa fundi, hazina ubaya wowote ndani yake. Ubaya uko kwenye betri, waya, fyuzi, swichi au antena, na sehemu kubwa ya hayo utayamaliza mwenyewe chombo kikiwa kimekaa mchangani, maji yamekupwa.

Ninayoandika hapa yanahusu chombo cha kawaida cha huku kwetu: boti ya faibaglasi au mashua yenye mashine nyuma, betri ya volti 12, pengine kibao cha sola juu ya turubai, na redio iliyofungwa karibu na usukani. Uwe unapeleka watalii Kisite kuona pomboo au unavua maji makuu kwenye mkondo wa Pemba, hitilafu ni zile zile. Mwenye woki toki tu asiondoke, sehemu yake iko mbele.

## Kwa nini inasikia lakini haisemi

Redio inaposikiliza hula umeme kidogo sana, chini ya ampea moja. Ukibonyeza kitufe cha maiki kwa nguvu kamili ya wati 25, hudai ghafla ampea 5 au 6. Betri iliyochoka ni kama mzee anayeweza kukaa barazani na kupiga soga mchana kutwa, lakini ukimtwika gunia magoti yanakunjika. Waya ulioliwa na chumvi nao ni hivyo hivyo. Kioo cha redio kitawaka, sauti za wenzako zitatoka, na wewe utaapa kwamba umeme upo. Ukibonyeza tu, volti zinaanguka, na redio ama inajizima na kujiwasha tena, ama inatoa sauti iliyokwaruza isiyovuka hata kufika Wasini.

Kwa hiyo kanuni ya kushika ni moja: pima huku umebonyeza. Anayekwambia "betri nimeipima, iko sawa" muulize kama kuna mtu aliyekuwa amebonyeza maiki wakati huo. Tisa kwa kumi atanyamaza.

## Kabla hujashika bisibisi

Anza na yasiyogharimu kitu. Mara nyingine safari inaishia hapa.

- Nguvu. Tafuta kitufe kilichoandikwa H/L au 25W/1W. Kikiwa kwenye 1W, utasikika na walio karibu tu. Watoto wakichezea redio, hiki ndicho kitufe chao cha kwanza.
- Kizima mvumo. Ni kile kitasa kidogo kando ya cha sauti, kimeandikwa SQL. Kikizungushwa sana kinaziba hata sauti za watu. Kirudishe mpaka usikie mvumo, kisha kisogeze kidogo tu mpaka ukatike.
- INT au USA. Redio za mitumba kutoka Dubai au Marekani mara nyingi huja zimewekwa mpangilio wa Marekani. Dalili yake ni ya ajabu: chaneli ya 16 inafanya kazi, lakini kwenye baadhi ya chaneli nyingine wewe na mwenzako hamsikilizani kabisa. Huku kwetu weka INT.
- Chaneli yenyewe. Kuna chaneli zilizopangwa kwa mawasiliano ya meli na kituo cha nchi kavu, ambapo kusema ni masafa mengine na kusikia ni mengine. Vyombo viwili vikikutana huko, kila mmoja atadhani redio ya mwenzake imeharibika. Chombo kwa chombo tumieni 6, 8, 72 au 77.

Na tafadhali, kujaribu redio si kazi ya chaneli ya 16. Hiyo ni ya kuitana na ya dharura. Mpigie mwenzako simu, mkubaliane mkutane 72, kisha jaribuni huko mpaka mchoke.

## Vifaa vya kuwa navyo

Mita ndogo ya kupimia umeme, ile ya bei ya chini kabisa dukani Ukunda, inatosha. Ongeza msasa, brashi ya waya, fyuzi za akiba za ukubwa ule ule, grisi, koleo la kubania vichwa vya waya, na waya mnene wa mita chache wenye fyuzi njiani. Huo wa mwisho wengi hawana, na ndio utakaokuokoa pesa nyingi kuliko vyote.

## Hatua kwa hatua: kumsaka mwizi wa volti

Fanyeni wawili, mmoja ashike maiki, mwingine mita. Antena iwe imeunganishwa, redio iwe chaneli ya 72 kwa wati 25, na msikilize kwanza kama kuna watu wanaongea. Kila kubonyeza kusizidi sekunde nne au tano.

1. Betri ikiwa imepumzika. Iache saa kadhaa bila chaji wala mzigo, kisha pima. Kwa betri ya asidi, 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 imekwisha. Ukipima mara tu baada ya kuitoa kwenye chaja utaona 13 na kitu, ukafurahi bure.

2. Betri huku mwenzako amebonyeza. Mita iwe juu ya vyuma vya betri vyenyewe, si juu ya vibano. Betri nzima itashuka kidogo, tuseme kutoka 12.6 hadi 12.4. Ikiporomoka chini ya 12, betri ndiyo mgonjwa wako. Ichaji ijae, ujaribu tena, ikirudia, imezeeka.

3. Nyuma ya redio huku amebonyeza. Pima pale waya unapoingia redioni. Linganisha na namba ya hatua ya 2. Tofauti ikiwa chini ya nusu volti, usijisumbue na nyaya. Betri ikiwa 12.4 na redio inapata 10.8, kuna mahali volti zinaibwa.

4. Tafuta mahali penyewe. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndiyo hatua tamu kuliko zote. Gusisha ncha moja ya mita kwenye chuma cha betri, na nyingine kwenye waya ulioshikwa na kibano hicho hicho. Mwenzako abonyeze. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma 0.8, basi volti 0.8 zinapotelea hapo hapo, kati ya chuma na kibano, hata kama kwa macho unaona vimekazwa. Sogea mbele: upande huu na huu wa kishikio cha fyuzi, upande huu na huu wa swichi, kila kiungo mpaka redioni. Namba itakaporuka, umefika.

5. Usisahau waya mweusi. Umeme unaokwenda lazima urudi. Watu husafisha upande mwekundu mpaka unang'aa, na upande hasi wakauacha umefungwa kwenye msumari wenye kutu. Rudia hatua ya 4 kwa upande huo.

6. Ule waya wa akiba. Ukichoka kutafuta, toa nyaya zote za zamani na uiunganishe redio moja kwa moja na betri kwa waya wako mnene wenye fyuzi. Ikisema vizuri, redio ni nzima. Imebaki kazi ya kupitisha waya mpya.

Kuhusu unene, usiamini neno "waya wa betri" la muuza duka. Redio ikiwa mita 5 kutoka betri, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ampea 6 zinapoteza kama volti 0.7 hata waya ukiwa mpya kutoka kwenye boksi. Kwa waya wa 4, hasara inashuka hadi kama robo volti.

## Chumvi haina haraka

Kata waya uliokaa baharini misimu miwili, umenye ganda lake, uutazame. Shaba inayotakiwa kuwa nyekundu imegeuka nyeusi, na weusi huo umepanda ndani ya ganda kiasi cha shibiri au zaidi kutoka kwenye kiungo. Kuukata sentimita mbili na kuunga upya hakusaidii. Rudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, na usipoikuta, tupa. Ukipata waya wa baharini, ule ambao kila uzi wake umepakwa bati, lipa tofauti ya bei bila kunung'unika.

Kishikio cha fyuzi ndicho nikipendacho kukifungua kwanza. Vile vya plastiki vya kupachika njiani, vya magari, vina kispringi ndani. Ukifungua kwenye chombo cha Shimoni mara nyingi utakuta kispringi kimevaa unga wa kijani, na ncha za fyuzi zimebabuka kwa joto. Fyuzi haijakatika, mita itakuambia umeme unapita, na kweli unapita, nusu ampea. Weka kishikio chenye kifuniko cha mpira, kipake grisi, kifunge juu mbali na maji ya ngamani.

Makosa mengine ninayoyaona kila mara:

- Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi. "Imekaa mwaka mzima!" Imekaa, ndiyo, na maji yamekaa nayo. Tepu hufungia unyevu ndani. Bana kwa kichwa cha waya, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto.
- Lehemu peke yake. Mahali risasi inapoishia waya unakuwa mkavu, na mtikisiko wa mashine unauvunja hapo. Kama utalehemu, bana kwanza na uushikize waya usicheze.
- Fyuzi ya karatasi ya sigara. Au fyuzi ya ampea 30 badala ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha redio, ambayo kwa nyingi za wati 25 ni kama 10. Fyuzi ikiungua mara mbili, kuna waya unaogusana mahali, au nyekundu na nyeusi zimepishana. Ukimnyamazisha mjumbe huyo kwa karatasi ya bati, kitakachoungua baadaye ni waya wenyewe, na tangi la petroli liko miguuni pako.

## Betri na chaji yake

Wengi mna betri za gari. Si dhambi, lakini betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Kuimaliza mpaka chini kila siku kunaiua upesi. Kama unayo ya gari, usiiache ishuke chini ya nusu.

Hatari kubwa zaidi ni msimu. Chombo kikivutwa pwani wakati wa kusi, betri hubaki humo ikiwa nusu tupu kwa miezi. Betri ya asidi ikilala bila chaji hujenga ukoko mweupe kwenye sahani zake, na ukoko huo haurudi nyuma. Kaskazi inapoingia unaichaji, chaja inasema imejaa, unabonyeza maiki, inaanguka. Betri haikufia baharini, ilifia pwani. Ipeleke nyumbani na uichaji kila mwezi, hata kama hakuna safari.

Mashine inachaji kweli? Washa mashine, ipandishe mwendo kidogo, pima betri. Ukiona 13.8 hadi 14.4, inachaji. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Mashine nyingi za kuvuta kamba huwa na koili ya taa tu, inayotoa umeme wa kwenda na kurudi ambao haujanyooshwa. Bila rektifaya haiwezi kuchaji betri. Kuna wanaounganisha waya wa koili hiyo moja kwa moja kwenye redio. Redio hiyo haitapona.

Sola. Kibao cha wati 20 kwenye jua letu kinatoa zaidi kidogo ya ampea moja kikitazama jua vizuri, na kwa siku unaweza kutegemea kama ampea-saa 5. Redio inayosikiliza saa kumi hula kama 4. Hesabu inatosha kwa redio, haitoshi kwa redio na spika ya muziki ya wageni wanaorudi kutoka Kisite. Hapa sina lugha laini: kama chombo kina muziki, muziki uwe na betri yake. Pampu ya maji, chaji za simu na taa zikae huko pia, na betri ya redio isiguswe na kitu kingine.

Tahadhari za haraka:

- Betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Sanduku lake liwe na tundu, na usichomoe kibano huku chaji inaingia. Cheche moja inatosha.
- Betri ifungwe isicheze. Ikipinduka, asidi ikakutana na maji ya bahari, hutoka gesi ya klorini, sumu inayokaba koo.
- Asidi iliyomwagika juu ya betri ioshe kwa maji yaliyokorogwa magadi, huku vifuniko vimefungwa ili magadi yasiingie ndani.
- Maji ya kuongeza yawe yale safi yasiyo na madini. Maji ya kisima cha Shimoni yana chumvichumvi, yaacheni ya kuoshea vyombo.
- Betri za lithiamu hazisomeki kwa jedwali la hatua ya 1. Hukaa kwenye 13 na kitu karibu mpaka mwisho, kisha huzima ghafla.

## Antena: dalili zake ni nyingine

Jifunze kutofautisha. Ukiwasikia walio mbali lakini wewe husikiki, shuku umeme. Ukiwasikia walio karibu tu, nao wa karibu tu wakakusikia, shuku antena na waya wake.

Lakini kabla ya kuilaumu, jua inachoweza. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na bahari imejipinda. Kwa makadirio ya haraka, antena yenye ncha mita 1 juu ya maji inaona kilomita 4, ya mita 4 inaona 8, ya mita 9 inaona 12. Jumlisha yako na ya mwenzako. Boti mbili zenye antena za mita 4 zitafikiana kwa kilomita 16 hivi, na wati 25 au 50 hazibadilishi sana hesabu hiyo.

Sasa iweke kwenye maji yetu. Kutoka gatini Shimoni hadi Kisite ni kama kilomita saba na nusu, kwa hesabu ni karibu, lakini Wasini na miti yake imekaa katikati. Ukipita nyuma ya kisiwa na kusikika vibaya, si lazima antena iwe mbovu. Sogea mahali pasipo na kizuizi kisha uite. Mombasa iko kama kilomita 70. Usitegemee boti yako ifike huko moja kwa moja, isipokuwa upande wa pili kuna antena iliyopandishwa juu sana. Mnaovuka mkondo kuelekea Pemba, pangeni kabla ya kutoka ni chombo gani kitakaa katikati na kupokezana maneno.

Baada ya hapo kagua:

- Antena ya teksi. Ile ya sumaku, fupi kama nusu mita, inahitaji bati la gari chini yake ili ifanye kazi. Juu ya mbao au faibaglasi haina pa kusimamia. Chukua ya baharini isiyohitaji bati, ambayo kwa kawaida huanzia kama mita moja.
- Mabomba ya turubai. Kuifunga sambamba na bomba la chuma kunaiharibia mawimbi. Ipandishe juu ya turubai, iwe mbali na chuma angalau mita moja ukiweza.
- Antena ndefu mno. Zile za nguvu nyingi hubana mawimbi yawe bapa kuelekea upeo. Kwenye boti ndogo inayoyumba kwa kusi, mawimbi hayo yanapiga mbinguni mara moja, majini mara moja. Ya kiasi, ya desibeli 3, inafaa zaidi.
- Plagi ya nyuma ya redio. Ifungue. Ukiona ukijani au maji, kata waya nyuma mpaka usuko wa nje ung'ae, weka plagi mpya.
- Waya wa antena. Chomoa ncha zote mbili, pima kati ya uzi wa katikati na usuko wa nje. Mita isionyeshe muunganiko wowote. Zingatia: ncha zote mbili. Antena nyingi za baharini zimeunganishwa ndani kwa makusudi, na ukipima zikiwa zimeshikwa utadhani kuna shoti, ukatupa kitu kizima.
- Aina ya waya. RG-58 mwembamba wa mita 10 unapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu zako njiani. Kama mlingoti ni mrefu, tumia RG-213.

Usibonyeze maiki antena ikiwa imechomolewa. Nguvu ikikosa pa kutokea hurudi ndani na kuunguza redio, na hapo ndipo utakuwa na sababu ya kweli ya kununua nyingine.

## Mvumo na taa

Swali hili limeongezeka tangu taa za LED ziingie: "Usiku redio haisikii, mchana inasikia." Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa za LED huvuruga redio za VHF. Jaribio lenyewe ni jepesi. Zima taa zote, nenda kwenye chaneli tulivu, sogeza kizima mvumo mpaka mvumo ukatike tu. Washa taa moja moja. Mvumo ukirudi, umempata. Fanya vivyo hivyo kwa kidhibiti cha sola, chaja ya simu ya kuchomeka, na mashine yenyewe. Dawa ni kuvisogeza mbali na antena na waya wake, au kununua taa bora. Kuongeza kizima mvumo ili usisikie kelele ni kuziba masikio.

## Maiki iliyokwama

Chumvi huingia kwenye kitufe, kitufe kinabaki chini. Redio inaonyesha TX, yaani inatuma, muda wote, inapata moto, betri inakwisha, na chaneli ya 16 ya watu wote inazibwa na mlio wa mashine yako na hadithi zenu. Mkikuta chaneli imezibwa hivyo, kila mmoja aangalie ya kwake kwanza. Futa maiki kwa kitambaa chenye maji baridi kila jioni, itundike, usiilaze kwenye kiti. Na isitundikwe karibu na dira: spika ina sumaku, itakupotosha njia.

## Wenye woki toki

Ya baharini halisi huvumilia maji na huwa na wati 5 au 6. Zile za bei ndogo za madukani, hata kama zinashika masafa ya baharini, hazikutengenezwa kwa maji wala kuidhinishwa kwa kazi hiyo. Nisingeitegemea kwa roho yangu. Ukiita, simama, inua antena ielekee juu. Kutoka kukaa hadi kusimama kunaongeza kilomita. Safisha vyuma vya kuchajia kwa msasa laini, na betri isiyomaliza siku ibadilishwe badala ya kubembelezwa. Ifunge kwa kamba kiunoni.

## "Lakini mimi nina simu"

Ninayo pia. Simu humfikia mtu mmoja unayejua namba yake, mtandao ukiwapo. Huku kusini, kadiri unavyokaribia mpaka simu inaweza kukamata mtandao wa Tanzania na kukukatia maneno. Redio humfikia kila aliye karibu, hata usiyemjua, na aliye karibu ndiye atakayefika kwanza. Beba vyote viwili, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

"Babu yangu alivua bila redio." Alivua kwa tanga, na alikuwa na wenzake waliotoka pamoja na kurudi pamoja. Wewe unatoka peke yako na mashine moja.

Kuhusu karatasi: redio ya chombo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kama redio yako ina kile kitufe chekundu cha dharura, hakikisha namba ya utambulisho iliyo ndani, tarakimu tisa, ni ya chombo chako. Za Kenya huanza na 634. Redio ya mtumba yenye namba ya mwenye zamani italia kwa jina la boti iliyo kwingine kabisa.

## Ikikufa ukiwa maji makuu

Fuata mpangilio huu, usirukeruke:

1. Zima kila kitu kingine kinachotumia betri. Kama mashine yako inachaji, iache izunguke.
2. Chezesha fyuzi ndani ya kishikio chake, kaza vibano vya betri kwa mkono. Chumvi mara nyingi huachia kwa kusuguliwa tu.
3. Redio ikijizima kila ukibonyeza, shuka hadi 1W. Kwa nguvu hiyo inadai kama ampea moja na nusu tu, na betri iliyoshindwa kubeba wati 25 inaweza kuibeba hiyo. Hutafika mbali, lakini chombo kilicho kilomita chache kitakusikia.
4. Ita kwenye 16: "Mayday" mara tatu kama maisha yako hatarini, jina la chombo mara tatu, ulipo, tatizo, watu wangapi. Ulipo kwanza kabla ya maelezo marefu, maana betri inaweza kukata katikati. Kama hujui namba za ramani, taja alama: "kusini mwa Mpunguti ya Chini, tunaiona Kisite."
5. Ukijibiwa na chombo, kiombe kipokeze ujumbe kwa Walinzi wa Pwani wa Kenya, ofisi ya KWS Shimoni au kituo cha uokoaji cha Mombasa, kisha ukubaliane nacho saa ya kuitana tena. Zima redio katikati. Betri ya asidi ikipumzika robo saa hurudisha nguvu kidogo, na kidogo hicho kinatosha kusema mara moja zaidi.
6. Usipojibiwa, rudia ukiwa na woki toki, umesimama mahali pa juu kabisa unapoweza kushika bila kuanguka.